Kujifunza Kuteleza Juu ya Theluji

Wasomaji wetu wa Bukoba na Muleba huenda wakashangaa kukuta humu habari za theluji, maana kwetu ni mvua tu, karibu milimita 2,000 kwa mwaka mjini Bukoba, wala hapana mtoto wa Kamachumu aliyeamka asubuhi akaona migomba imefunikwa na weupe. Lakini ujamaa wetu na nchi za theluji si wa jana. Wamisionari wa Kiswidi walifika kwetu wakati wa Vita Kuu ya Pili, na mmoja wao, Bengt Sundkler, alikuwa askofu wa Kilutheri hapa Bukoba tangu 1961 hata 1964. Kwao Uswidi, mashindano ya Vasaloppet yalianza mwaka 1922, nayo ni mwendo wa kilomita 90 juu ya theluji, kutoka Sälen mpaka Mora. Hata leo wako vijana wetu waendao nchi hizo kusoma. Twasikia ya kwamba wenyeji wao huwaalika kwenda kuteleza, na baadhi yao hukataa, wakiona haya kuanguka mbele ya watoto wadogo. Hilo ndilo lililotufanya tushike kalamu, kwani twaona wajinyima furaha kwa sababu ndogo.

Chombo chenyewe huitwa skii. Ni mbao mbili ndefu, nyembamba, zilizopinda juu kwenye ncha kama mtumbwi, na kila mguu hufungwa juu ya mmoja. Mikononi mtu hushika fimbo mbili.

Watoto wetu hukalia gamba la mgomba na kuteleza mlimani penye majani, nao huegemea nyuma wasiende mbio. Aliyelelewa hivyo, akipanda skii, atafanya vile vile, na hapo ndipo taabu yake huanza. Aegemeaye nyuma huutia uzito wake kwenye mikia ya mbao. Ncha zikawa nyepesi, zisimsikie tena, naye akachukuliwa asikotaka. Yampasa kukunja magoti na vifundo vya miguu, aegemee mbele kidogo hata miguu isukume ulimi wa kiatu, na mikono iwe mbele yake mahali aweza kuiona. Mwili hukataa sana jambo hili. Hofu humvuta mtu arudi kilimani, na kadiri anavyovutwa ndivyo anavyozidi kukimbia.

Ili kupunguza mwendo, huzikaribisha ncha za mbele pamoja na kuitanua mikia, mfano wa ncha ya mshale, huku kingo za ndani zikikwaruza theluji. Akitaka kugeuka kushoto, hukandamiza mguu wa kulia. Akitaka kulia, hukandamiza wa kushoto. Macho yatazame mbele aendako, yasitazame miguu. Naye akiona ataanguka, aanguke ubavu, upande wa juu wa kilima. Kisha azilaze mbao chini yake, zikikingama mteremko, ndipo ainuke. Asiyezikingamisha atainuka na kuondoka tena kabla hajawa tayari, jambo ambalo huwachekesha sana watazamaji.

Kwenda uwandani ni elimu nyingine, nasi twaiona kuwa ngumu zaidi, ingawa huonekana rahisi. Mbao za namna hii zimeinuliwa katikati kama upinde, na hapo katikati hupakwa nta inayoshika theluji. Mtu akisimama kwa miguu yote miwili, katikati haigusi sana, basi huteleza. Akiweka uzito wake wote juu ya mguu mmoja, upinde hubonyea, nta ikashika, naye akapata mahali pa kujisukuma. Agawaye uzito wake nusu kwa nusu, mguu humponyoka ukarudi nyuma. Baada ya kusukuma, lazima akae juu ya mguu wa pili peke yake, ateleze, asiharakishe hatua inayofuata. Waliowaona vijana wa Goma wakisukuma chukudu kwa mguu mmoja, huku mwingine umetulia, watafahamu upesi tunachonena.

Ushahidi wa haya tunaupata kwa jirani zetu wa Kenya. Philip Boit, mkimbiaji wa mita 800 kutoka upande wa Eldoret, alikwenda Ufini mwaka 1996 kujifunza skii, naye alikuwa hajapata kuona theluji. Pumzi alikuwa nayo, na miguu yenye nguvu. Lakini mkimbiaji hukanyaga na kuondoa, hali skii yataka ukanyage na ungoje. Katika Michezo ya Olimpiki ya Nagano, Japani, mwaka 1998, alimaliza kilomita 10 kwa dakika 47 na sekunde 25, mtu wa 92, wa mwisho kabisa. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwei, alikuwa amefika dakika 20 mbele yake. Akangoja mwishoni mwa njia mpaka Boit alipotokea, akamkumbatia. Boit hakuacha. Alirudi katika michezo ya mwaka 2002 na ya mwaka 2006, na baadaye mtoto wake akamwita Dæhlie. Nguvu zake za mwaka 1998 na za mwaka 2006 pengine zilikuwa moja. Kilichoongezeka ni kule kungoja juu ya mguu mmoja.

Kijana ajiandaaye kwa safari aweza kuanza hapa hapa, jioni, uani kwao: asimame kwa mguu mmoja, goti limekunjwa, ahesabu hata thelathini, kisha ahamie wa pili bila kuyumba. Akifika huko, aombe kilima kifupi ambacho chini yake ni uwanda mtupu, ili mbao zisimame zenyewe. Siku ya kwanza avae skii moja tu, asukume kwa mguu ulio huru, na fimbo aziache nyumbani. Watoto wa huko watamcheka kidogo. Wao nao walianguka hapo hapo wakiwa na miaka mitatu, ila hawakumbuki.