Kwa Fundi wa Vinasa-sauti, Kadutu

Atokaye ukingoni mwa Ziwa Kivu kwenda Kadutu, mjini Bukavu, hana budi kupanda. Ndivyo tulivyopanda sisi asubuhi moja, tukihema, hata tukafika penye kibanda cha fundi mmoja karibu na soko. Humo mlijaa vinasa-sauti vya zamani na kamera za video za utepe, vimepangwa juu ya mbao kama wagonjwa wangojao zamu.

Tulimkuta mama mjane, ameshika kaseti ndani ya leso. Mlikuwamo sauti ya marehemu mumewe, aliyoiacha siku ya arusi ya binti yao. Kinasa-sauti chao kilikuwa kimeumeza utepe na kuukunja.

Kaseti ya namna hiyo ilibuniwa Ubelgiji, katika mji wa Hasselt, na kundi la Lou Ottens wa kampuni ya Philips. Ikaonyeshwa watu mara ya kwanza huko Berlin mwaka 1963. Yasemwa kwamba Ottens alichonga kwanza kipande cha mti cha kuenea mfukoni mwa koti lake, kiwe kipimo cha kazi.

Fundi aliifungua mashine. Mpira uzungushao magurudumu ulikuwa umeyeyuka kama lami. Kigurudumu kibanacho utepe kilikuwa kimekauka, chateleza. Ndiyo sababu utepe ulipotea njia. Kichwa kisomacho sauti kilifunikwa na vumbi la kahawia, maana utepe huo ni plastiki iliyopakwa unga wa kutu ya chuma. Akasugua kwa pamba na spiriti, akabadili kigurudumu, akavika mpira mpya.

“Lakini utepe wako, Mama, hatuutii bado,” akasema. Akatia kwanza kaseti isiyo na thamani, akaichezesha upande mzima. Mashine haikuimeza.

Ndipo tukafika penye shida yenyewe. Sehemu iliyokunjamana ilikuwa na urefu wa kidole. Utepe hupita sentimita 4.76 kwa kila sekunde. Basi kukikata kipande hicho ni kupoteza sekunde moja na nusu hivi. Fundi alitaka kukata na kuunga. Mama akamzuia:

“Usikate, mwanangu. Labda ndipo alipotaja jina langu.”

Fundi akanyamaza. Kisha akaulaza utepe juu ya kioo, akaunyosha polepole kwa kitambaa laini, hata jua likawa utosini.

Sauti ikatoka. Penye makunyanzi ilififia na kutetemeka, nasi tukasikia jina: si la mama, bali la binti yake. Mama akacheka huku akifuta machozi. “Vema,” akasema, “siku ile ilikuwa yake.” Papo hapo fundi akainakili sauti yote katika simu.

Kamera nazo zataka uangalifu uo huo. Katika nyingi za utepe wa milimita 8 zilizouzwa Ulaya, ngoma yenye vichwa huzunguka mara 25 kwa sekunde. Uchafu kidogo tu huificha picha.

Basi, ninyi mlio na kaseti sandukuni, msizitie katika mashine isiyojaribiwa. Mpelekeeni fundi mashine kwanza, kisha nakilini sauti za wazee wenu mapema. Mpira huvikwa mwingine. Sauti ya marehemu hairekodiwi mara ya pili.