Maji ya Bwawa Yana Habari

Kwetu kaskazini mwa Tanzania ng'ombe ndio akiba yetu. Sare yangu, madaftari yangu na nauli ya kuja bwenini vyote vimetoka zizini.

Kila mwaka nyumbu wazaapo, wazee huhamisha mifugo mbali, wakaacha nyuma majani mazuri. Sababu wanayo. Ndama wa nyumbu hubeba kirusi kisichomdhuru, nacho hutoka katika kamasi na machozi yake. Ng'ombe akikipata hushikwa na homa kali, macho huingia ukungu, na aghalabu hufa. Lakini kuhama nako kuna hasara. Mwaka jana ng'ombe wetu walikonda huko tulikokwenda, na wadogo zangu wakakosa maziwa.

Basi nilifurahi sana mwalimu wetu wa Biolojia alipotueleza njia mpya ya kutafuta virusi vya wanyama wa porini bila kumkamata hata mmoja. Mnyama anywapo maji huacha mate, na pengine mkojo na kinyesi. Humo mna chembe za urithi, zake na za virusi alivyo navyo. Wataalamu huchota maji, huyachuja, kisha huzirudufu chembe hizo kwa mashine: moja huwa mbili, mbili huwa nne, hata baada ya mizunguko 30 huweza kupita milioni 1,000. Ndipo husomwa. Mwaka 2021 watafiti wa Berlin na wenzao walitangaza kwamba wameona alama za virusi katika maji wanywayo wanyama huku Tanzania na Mongolia, na katika damu iliyonyonywa na ruba wa Borneo.

Hata hivyo yafaa tutahadhari. Alama ya kirusi si kirusi hai, kama vile unyayo wa simba si simba. Tena jua na joto huziharibu alama upesi; kutoziona si kusema hakuna hatari. Lakini mchungaji aonaye unyayo hawaachi ndama wake nje.

Mimi natamani kusomea utabibu wa mifugo, nijaribu kama maji ya kwetu yaweza kutuambia ni majuma gani ya hatari, tusihame mapema wala tusichelewe. Wenzangu, tusiwadharau wazee wala maabara. Wazee watuonyeshe bwawa, nasi tuchukue chupa tukapime.

Mwanafunzi, Kidato cha IV