Mpokeeni Msafiri Kabla ya Mzigo Wake

Katika nyumba zetu nyingi za mjini, mtu anaporejea kutoka nchi za nje huulizwa maswali mawili. La kwanza ni la salamu: "Habari za huko?" La pili, ambalo aghalabu hufika kabla ya la kwanza kujibiwa, ni hili: "Umetuletea nini?" Hakuna ubaya katika kuuliza. Zawadi ni desturi yetu ya tangu zamani, na hata aliyekwenda Morogoro kwa siku mbili huona haya kurudi mikono mitupu. Lakini swali hilo lina uzito wake, na kwa watu wa Kariakoo, ambao wengi wao husafiri kwa ajili ya kazi na si kwa ajili ya matembezi, uzito huo umewahi kutikisa nyumba.

Ndugu msomaji, si ajabu kwamba habari za mizigo na wenye kuibeba zianzie Kariakoo. Jina lenyewe la mahali hapa limetokana na wapagazi. Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, waliweka hapa kambi ya kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, na ndimi za wenyeji zikalifanya jina hilo kuwa Kariakoo. Maelfu kwa maelfu ya wapagazi waliochukuliwa katika vita vile hawakurudi makwao, na waliouawa na maradhi na uchovu walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa katikati ya mji mwaka 1927, inawakumbuka wao pamoja na wapiganaji. Walihesabiwa kwa mizigo waliyoweza kubeba, na wengi majina yao hayakuandikwa popote.

Wapagazi wa Kariakoo wa siku hizi husafiri kwa ndege. Baada ya miaka ya uhaba, ambapo sabuni na kitambaa vilipangiwa foleni, serikali iliruhusu mwaka 1984 watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje. Maduka yakaanza kujaa. Wafanyabiashara wakazoea njia ya Dubai, na baadaye njia ya Guangzhou, mji mkubwa wa kusini mwa China. Kwa wazazi wetu, China ilikuwa ni reli ya TAZARA na kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo. Kwa vijana wa Kariakoo, China ni mahali pa kwenda kununua.

SAFARI YA WATU WANNE

Mwishoni mwa Oktoba 2018 nilichukua likizo yangu, nikafuatana na marafiki watatu niliosoma nao shule ya msingi. Mmoja ni mama anayeuza vitenge Mtaa wa Uhuru. Wa pili huuza taa na vifaa vya umeme. Wa tatu, ambaye nitamzungumzia zaidi, huuza viatu vya watoto katika duka la mlango mmoja karibu na Mtaa wa Kongo. Mama wa vitenge na mwenzetu wa taa walikwisha kwenda huko mara kadhaa. Kwa muuza viatu ilikuwa safari ya kwanza. Mimi peke yangu sikuwa na cha kununua. Nilitaka kuona kwa macho yangu kazi ambayo nilikuwa nikiisikia barazani kila siku.

Mtaji wa muuza viatu ulikuwa wa mafungu matatu. La kwanza lilikuwa akiba yake. La pili lilikuwa mkopo ambao mkewe aliuchukua katika kikundi chao cha kuweka na kukopa. La tatu lilitoka kwa mama yake mzazi, mkazi wa Buguruni, ambaye aliuza bangili nne za dhahabu alizoolewa nazo. Hakuna aliyemwomba aziuze. Alimpa mwanawe fedha zile zikiwa zimefungwa katika kitambaa, akamwambia, "Nenda, mwanangu, Mungu akurudishe salama."

Tulipitia Addis Ababa, tukafika Guangzhou, ambako saa ziko mbele ya zetu kwa saa tano. Ulikuwa ni wakati wa maonyesho makubwa ya biashara yanayofanyika huko kila masika na kila vuli tangu mwaka 1957, lakini wanunuzi wadogo kama wenzangu hawakwenda huko kutafuta bei. Kazi yao ilikuwa katika masoko ya jumla: Zhongda kwa vitambaa, Sanyuanli kwa mikoba, na majumba mengine yasiyohesabika yaliyojaa viatu kutoka chini hadi juu. Tulipanga vyumba karibu na Xiaobei, mtaa ambao Waafrika wengi hufikia, ambako mtu wa Dar es Salaam hukaa karibu na mtu wa Bamako na mtu wa Lagos, kila mmoja akifunga mzigo wake kwa kamba na utepe.

Aliyedhani kwamba safari hizi ni starehe na aende akaone. Wenzangu waliamka alfajiri, wakatembea siku nzima kutoka duka hadi duka. Muuzaji hajui Kiswahili, mnunuzi hajui Kichina. Kati yao kuna kikokotoo. Huyu anabonyeza bei, yule anaifuta na kubonyeza yake, na hivyo hivyo mpaka mmoja achoke. Ukikosea kuhesabu katoni moja, hasara yake utaikuta bandarini.

UGOMVI NA VISHETI

Watu husema kwamba hujamjua mtu mpaka usafiri naye. Siku ya sita wenzangu waligombana. Walikuwa wamekubaliana kuweka mizigo yao katika kontena moja kwa wakala mmoja, na nauli ya meli hutozwa kwa ujazo. Viatu ni vyepesi lakini katoni zake hula nafasi. Vitenge ni vizito lakini hukaa mahali padogo. Mama wa vitenge aliona kwamba atalipia nafasi isiyo yake, na muuza viatu aliona kwamba anatengwa kwa kuwa mtaji wake ni mdogo. Yalisemwa maneno ambayo sitayaandika hapa. Siku nzima watu wawili waliocheza pamoja Mnazi Mmoja walipitana ukumbini bila salamu.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Waislamu wengi wa Xiaobei huswali katika msikiti ulio karibu na kaburi ambalo kwa masimulizi ya huko ni la Saad bin Abi Waqqas, swahaba wa Mtume. Baada ya swala tulikutana nje, chini ya miti. Mama wa vitenge alifungua kopo alilolibeba kutoka nyumbani, akatoa visheti, akampa muuza viatu kwanza. "Kula, kaka," alisema. "Tukifika nyumbani tukiwa hatusemezani, watu wataniuliza mimi, na wewe watakuuliza. Tutawaambia nini?" Wakapima katoni upya, kila mmoja akalipa kwa kadiri ya nafasi yake. Jambo likaisha.

Nimeyaeleza haya kwa sababu faida ya kufuatana na marafiki huwa haionekani ugenini. Kule mtu huona zaidi gharama yake: kusubiriana, kuvumiliana, kugawana chumba na mtu anayekoroma. Faida yake huonekana pale unaporudi.

MKOBA MMOJA

Tulirudi katika wiki ya kwanza ya Novemba. Kutoka uwanja wa ndege tulipita juu ya daraja jipya la Mfugale pale TAZARA, lililofunguliwa mwishoni mwa Septemba mwaka ule, na kutoka juu tukaiona stesheni ya reli. Muuza viatu alikuwa na mkoba mmoja tu wa mkononi. Shehena yake yote, yaani akiba, mkopo na bangili, ilikuwa bado haijaondoka bandarini China.

Nyumbani kwake walikusanyika ndugu na majirani. Aliwagawia alichokuwa nacho: kandambili za watoto, leso mbili tatu na pakiti za majani ya chai. Wakashukuru, lakini macho yao yakabaki mlangoni, yakingoja gari la mizigo ambalo halikuja. Siku ya tatu walianza kunong'ona. Wiki ya pili kikundi cha mkewe kilidai marejesho. Ilisemwa kwamba bwana huyu fedha amezila China. Wengine walisema ana nyumba ndogo aliyoipelekea mzigo. Na kwa kuwa kule China mtandao wa WhatsApp uliozoeleka hapa haupatikani kwa njia ya kawaida, siku zote za safari alikuwa ameongea na mkewe mara chache mno. Ukimya ule nao ukahesabiwa kuwa ushahidi. Mama yake hakusema kitu, na kunyamaza kwake kulimwumiza mwanawe kuliko maneno ya majirani wote.

Mwenzetu akaanza kutoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku wa manane. Mchana alijificha katika duka la muuza taa, nyuma ya makasha. Mama wa vitenge alipopata habari hizo alituita, akasema, "Tumeondoka naye, bado hatujamfikisha. Twendeni tukamfikishe mpaka mlangoni kwake."

Tulikwenda siku ya Jumapili. Tulimwomba mama yake aje kutoka Buguruni, tukamwomba shemeji amwite mwenyekiti wa kikundi chao. Tukaketi mkekani. "Shikamoo, mama," tulianza, kisha tukaeleza safari yote kutoka mwanzo. Tulionyesha stakabadhi za ununuzi na za wakala, picha za katoni zenye alama yake, na namba ya kontena. Tukaeleza kwamba meli huchukua mwezi mmoja na zaidi, na kwamba baada ya meli kuna siku za forodha. Hatukuficha hata ugomvi wa ujazo.

Yule mama alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mtu katika nyumba ile aliyekuwa amelifikiria: "Na mwanangu huko alikuwa akila nini?"

Tulimwambia ukweli. Alikuwa akila mlo mmoja kwa siku, jioni, ili asiuguse mtaji. Mama aliinamisha kichwa kidogo, kisha akamgeukia mkwewe, akamwambia kwa sauti ya chini, "Mpakulie mumeo." Ilikuwa bado mapema kwa chakula cha mchana, lakini kilipakuliwa. Mwenyekiti wa kikundi akakubali kungoja hadi Januari.

Kontena lilifika siku za mwisho za Desemba, baada ya watu kwisha kununua viatu vya Krismasi. Katoni mbili zilikuwa na viatu vya namba moja tu, kinyume cha mapatano. Hata hivyo vilikuwemo viatu vyeusi vya shule, na shule zilifunguliwa Januari. Mkopo wa kikundi ulilipwa. Ama bangili za mama, hadi leo zilizorudi ni mbili kati ya nne.

TUFANYE NINI?

Tangu wakati huo mambo yamebadilika. Ugonjwa wa UVIKO-19 ulifunga njia za China kwa takriban miaka mitatu, mpaka milango ilipofunguliwa tena Januari 2023, na katika muda huo wafanyabiashara wengi wa Kariakoo walijifunza kuagiza kwa simu wakiwa wameketi dukani. Lakini safari hazikukoma, wala swali la "umetuletea nini" halikukoma. Ndiyo maana naona kuna mambo matatu ya kuzingatia katika familia zetu.

La kwanza linamhusu msafiri. Kabla hajaondoka, na aiketishe familia yake na kuieleza kwamba mzigo hauji na ndege aliyopanda yeye, kwamba una njia yake na siku zake. Wengi huficha mambo haya kwa kuogopa husuda au kwa kutaka kuonekana wakubwa. Lakini usiri huo ndio unaozaa minong'ono, na hauwezi kumsaidia mtu siku atakaporudi na mkoba mmoja.

La pili linawahusu marafiki wa safari. Uwanja wa ndege si mwisho wa kufuatana. Aliyekuona ukishinda na njaa ndiye anayeweza kuisema njaa hiyo mbele ya wazee, kwa kuwa wewe mwenyewe ukiisema utaonekana unajitetea.

La tatu linatuhusu sisi tunaobaki. Mtaani kwetu tunawaona wenye maduka yaliyojaa bidhaa, tukasahau methali isemayo kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Tumekuwa wepesi wa kuhesabu mizigo na wazito wa kumtazama aliyeibeba. Zawadi zitakuja kama zipo. Lakini siku ya kwanza anapoingia nyumbani, mpeni maji ya kuoga, mpeni chakula na mwacheni alale. Akiamka, mwulizeni alikula nini, alilala wapi na nani alimtendea wema. Habari za katoni zinaweza kungoja mpaka kesho yake.