Usilale na Jiko la Mkaa



Mimi ni bwana shamba katika vijiji vya nyanda za juu za Mkoa wa Njombe. Huku kwetu baridi huwa kali mwezi wa Juni, Julai na Agosti. Asubuhi nyingine kule Makete utakuta sakitu imetanda shambani, nyeupe kama unga.

Siku hizi wafugaji wengi wa kuku hulea vifaranga kwa taa ya umeme. Kifaranga wa wiki ya kwanza huhitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 za Sentigredi. Umeme ukikatika usiku, mfugaji hukimbilia jiko la mkaa. Hilo si kosa. Hatari huja pale anapofunga mlango na dirisha ili joto lisitoke.

Julai moja mama mmoja aliniita alfajiri nimpelekee dawa ya kuku. Usiku ule umeme ulikatika. Aliingiza jiko chumbani alimolala na mjukuu wake pamoja na vifaranga, akaziba dirisha kwa magunia. Nilipofika, vifaranga wengi walikuwa wamekufa. Mama alikuwa ameketi nje, kichwa kinamuuma. Mtoto alikuwa anatapika. Nilitazama vifaranga, kisha nikatazama jiko. Nikamwambia, "Mama, kuku baadaye. Twendeni zahanati kwanza." Wote wawili walipona. Kilio cha mtoto ndicho kilichomwamsha bibi yake.

Je, ni kitu gani kiliwadhuru?

Mkaa unapowaka hutoa hewa yenye sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hii haina rangi, haina harufu wala ladha. Mkaa mwekundu usio na moshi huitoa pia. Ukiivuta, huingia katika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Hushikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mwili hukosa hewa safi, na aliyelala anaweza kufa bila kuamka.

Basi, ndugu msomaji, fanya hivi:

1. Washia jiko nje. Ukiliingiza ndani, acha dirisha na mlango wazi ili hewa ipite.

2. Kabla ya kulala, toa jiko nje. Majivu yakifunika mkaa, usidhani umezimika. Ndani yake bado unawaka na kutoa sumu.

3. Watu wasilale chumba kimoja na jiko la vifaranga. Banda la vifaranga nalo liwe na matundu ya hewa sehemu ya juu.

4. Kama unatumia jiko la gesi kupasha nyumba joto, nalo lataka hewa. Lizime na ufunge mtungi kabla ya kulala. Kagua mpira wa gesi kwa povu la sabuni. Povu likitoa mapovu mapya, gesi inavuja. Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe kiberiti wala taa. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hutuama chini sakafuni. Funga mtungi, fungua milango, toka nje.

5. Mkiwa karibu na jiko mkaanza kuumwa kichwa, kusikia kizunguzungu, kichefuchefu au kulegea, tokeni nje wote mara moja. Kisha nendeni zahanati, hata kama mnajisikia nafuu.

Utaniuliza, "Bwana shamba, sasa vifaranga wangu wafe kwa baridi?" La. Jaza maji ya moto katika madumu, yafunge vizuri, yazungushie magunia, uyaweke kati ya vifaranga. Badilisha maji yanapopoa. Ni kazi ya usiku kucha, lakini dumu la maji halitoi sumu. Watoto nao wapewe blanketi zaidi, walale pamoja.

Kifaranga akifa utanunua mwingine. Mtoto hanunuliwi. Ukimaliza kusoma habari hii, msomee na jirani yako asiyejua kusoma, kabla usiku haujaingia.