Ilimba na Waya wa Umeme

Jina la Kizota, pembezoni mwa mji wa Dodoma, huwajia wengi kwa mambo mawili: maghala ya nafaka, na ukumbi ulioupokea Mkutano Mkuu wa CCM mwaka 2012. Muziki hautajwi. Ilhali nchi hiyo ni ya Wagogo, na ala yao ya ilimba ina neno katika mjadala ambao watu wa visiwani wameuzoea tangu taarabu ilipoingiliwa na vinanda vya umeme: je, mashine huitia ala ya asili roho, au huitoa?

Itazameni ilimba yenyewe. Ni ndimi za chuma juu ya sanduku la mbao, na katika zile kubwa baadhi ya ndimi hazichezwi kamwe, bali hutetema zenyewe zikisikia jirani zake. Tundu la sanduku hufunikwa utando wa buibui, ili kila sauti itoke na mvumo wake. Atakayeuita mvumo huo kasoro hajasikiliza. Wapiga gitaa la umeme wametumia fedha nyingi kuutafuta mfano wake.

Ugomvi uko kwenye sauti. Kinanda cha umeme cha kawaida huigawa oktavu hatua 12 zilizo sawa. Waimbaji wa Kigogo hufuata sauti ambazo uzi mmoja huzizaa kwa maumbile yake, na mojawapo huangukia baina ya vibonye viwili. Kuivuta ikae juu ya kibonye ni kama kumsahihisha malenga vina vyake kwa lafudhi ya mgeni.

Hukwe Zawose, mzaliwa wa Doda mkoani Dodoma, alilijaribu jambo hili pamoja na Michael Brook wa Kanada katika albamu ya Assembly, mwaka 2002. Brook ndiye aliyebuni gitaa ambalo saketi yake huurudishia uzi mtetemo wake, sauti isikatike. Lilikuwa chaguo la busara, kwani uzi unaovuma hauna vibonye vya kuiamrisha sauti ya mzee. (Zipo sehemu mashine imejaa mno, na sikio hutamani inyamaze.) Hukwe alifariki Desemba 2003. Mwanawe Msafiri akairudia njia hiyo katika Uhamiaji, mwaka 2017, na mtayarishaji Sam Jones. Safari hii jina la Mgogo limesimama peke yake mbele.

Albamu zote mbili zilitolewa na kampuni za Uingereza. Haingekuwa vibaya zipigwe siku moja Kizota, katika ukumbi ule ule, mbele ya watu waliozaliwa na sauti hizo masikioni.