Nyaya za Mwenye Gari Aliyepita

Gari la Japani likishushwa bandarini Dar es Salaam, mara nyingi kinachoanza kumkera mwenyewe ni redio. Redio za kule zilitengenezwa kwa FM ya 76 hadi 90, na stesheni zetu zinafika 108. Basi gari linapelekwa kwa fundi. Anakata soketi ya kiwandani, anachuna waya kwa meno, anasokota, anazungushia solotepu. Muziki unalia, hela inalipwa. Baadaye inafungwa alamu, halafu swichi ya siri ya kukata pampu ya mafuta, halafu taa za nyongeza.

Kazi hiyo inaanza kudai malipo mengine miaka kumi baadaye, gari likiwa kwa mmiliki wa tatu asiyejua nani alifunga nini. Joto la dashibodi limeyeyusha gundi ya solotepu na kukausha ganda la waya. Shaba tupu ikigusa bodi ni shoti. Kama waya ulitolewa moja kwa moja kwenye betri bila fyuzi, ndio utakaowaka. Alamu nayo hula umeme usiku kucha, kwa hiyo hata gari lililozimwa na kufungwa linaweza kushika moto. Ile swichi ya siri ina balaa lake: rilei ikichoka, injini inazimika ukiwa unalipita lori.

Msidhani huku Uingereza ninakoishi mambo ni tofauti sana. Magari mapya yalilazimishwa kuwa na kizuia wizi cha kiwandani mwaka 1998. Kabla ya hapo watu walijifungia alamu za kununua, na wanaopenda magari ya miaka hiyo bado wanasumbuka nazo. Ukaguzi wa MOT, ambao ni wa kila mwaka gari likishatimiza miaka mitatu, haumruhusu mkaguzi kufungua dashibodi. Anakagua breki, matairi, taa. Fundo la nyaya nyuma ya redio halimhusu, labda lining'inie nje.

Ninachowasifia Waingereza ni vitu viwili. Redio mpya hufungwa kwa soketi ya kuunganishia, kwa hiyo nyaya za kiwandani hubaki nzima. Pia bima inataka kuambiwa ulichoongeza, na mafundi wengi hutoa risiti, hivyo mnunuzi anapata pa kuanzia. Hata Kariakoo soketi hizo zinapatikana. Tunazikwepa kwa sababu fundi ana haraka na sisi tunabana senti, ingawa ni bei ndogo ukilinganisha na gari.

Kwa hiyo ndugu yangu unayenunua gari la zamani, kabla ya kukimbilia kupiga rangi, lipeleke kwa fundi umeme afungue dashibodi na kufuata kila waya unaotoka kwenye betri. Alamu isiyofanya kazi ing'olewe yote, si kukatwa waya wa honi tu. Na kinachobaki kiwekewe fyuzi karibu na betri.