Aibu ya Gauni

Katika mji wa Unguja hapana vazi linalogharimiwa sana na kuvaliwa kidogo kama gauni la bibi arusi. Hata likiwa limebuniwa na fundi mwenye jina huko Dubai au Ulaya, huvaliwa usiku mmoja, likasifiwa, likapigwa picha, na siku ya pili likalazwa sandukuni. Huko ndiko linakoanza kuharibika. Kuta za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nazo hunywa unyevu. Masika yafikapo, tangu Machi hata Mei, ukungu huingia katika kila kilichofungwa. Weupe hugeuka manjano, na vifungo vya chuma huacha kutu juu ya hariri. Mwenye kungoja miaka mitano ndipo auze hana tena gauni lile alilolinunua.

Mavazi ya arusi ya zamani hayakuwa na hasara ya namna hii. Kisutu, ile leso ya rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe, hakikufa na arusi: mwenyewe alijifunga nyumbani, akambebea mtoto. Dhahabu huwekwa rehani, ikakombolewa. Lakini gauni jeupe, ambalo sifa yake ilienea baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kuolewa kwa hariri nyeupe mwaka 1840, halina kazi ya pili. (Victoria mwenyewe alikuwa mwangalifu kuliko waliomwiga: lesi ya arusi yake aliivaa tena katika shughuli nyingine za jamaa yake.)

Mwenye kutaka fedha yake irudi, basi, hutafuta mvaaji wa pili; na wakati wa kumtafuta ni Rajabu na Shaabani, arusi zinapofuatana kabla ya Ramadhani, au angoje Mfunguo Mosi. Hapana wa kumzuia. Nguo aliyopewa mke ni mali yake, kama mahari yalivyo mali yake kwa amri ya Suratun-Nisaa. Mnunuzi naye anajua pa kutazama: upindo uliofagia vichochoro, kwapa, doa la hina au la mafuta ya udi, na mshono wa kiuno, maana gauni lililopunguzwa, na kitambaa cha ndani kikakatwa, haliwezi kuachiliwa tena kwa mwenye mwili mkubwa zaidi. Haya yote sheria ya Kiislamu humtaka muuzaji ayaseme. Akificha kasoro, mnunuzi ana hiari ya kulirudisha gauni.

Kwa Kiarabu kasoro ya namna hiyo huitwa aib, na hapa ndipo penye mashaka. Neno lile lile lilipoingia katika Kiswahili likawa aibu, jina la fedheha. Na afikiriwe mwanamke aliyepewa talaka katika mwaka wa pili wa ndoa, anayeuza gauni lake ili apate kununua cherehani. Mama mwenye binti wa kuoza hulitazama, hulipenda, hulipapasa shanga zake, kisha huuliza kwa upole: "Mwanangu, na wewe mwenyewe uko kwako?" Je, talaka ni aibu ya kitambaa?

Unguja haijapata kuitazama nguo kama kitambaa tu. Kabla ya utumwa kupigwa marufuku mwaka 1897, merikani na kaniki zilimtangaza mtumwa. Baada ya hapo wanawake walioachwa huru walizitupa, wakavaa kanga, na baadaye buibui, wapate kuonekana watu wengine. Katika mji uliozoea kuisoma nguo hivyo, si ajabu mama akaogopa nuksi. Lakini hofu yake haiithibitishi. Nuksi haina doa wala mshono, na kadhi hawezi kuipima. Muuzaji hawajibiki kuitangaza. Akiulizwa, hata hivyo, hana ruhusa ya kusema uongo, na ukweli wake waweza kumgharimu nusu ya bei, pengine mnunuzi mzima.

Ndiyo sababu wako wanaoona heri kulipeleka kwa mpambaji wa maharusi, ingawa bei yake ni ya chini. Yeye haulizi habari za ndoa. Atalifua, atalirudishia shanga zilizopukutika, atalitundika pamoja na mengine ya kukodisha; na msichana wa Makunduchi au Nungwi atakuja mjini na shangazi yake, atalijaribu mbele ya kioo, ataulizia kodi ya usiku mmoja. Yule yule ambaye angekataa kulinunua gauni la mwanamke mmoja aliyeachwa, atalivaa hili bila ya kuuliza limekwisha kuingia arusi ngapi, na ngapi katika hizo zingali zimesimama.